Kipoza-joto Kisicho na Kelele kwa Kompyuta ya Nyumbani

Mtu aamuaye kujiundia kompyuta yake ya mezani, kwa kununua sehemu mojamoja na kuziunganisha mwenyewe, aghalabu hutumia wiki nzima kuchagua kichakataji, yaani kile kijibamba cha silikoni kifanyacho mahesabu yote. Kipoza-joto chake hukichagua kwa dakika tano. Matokeo ya haraka hiyo hujulikana usiku, nyumba inapokuwa imenyamaza: kompyuta huvuma kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili, na kila programu nzito ifunguliwapo mvumo hupanda. Wako wanaoamua kuipunguza feni kasi bila hesabu yoyote, kisha wakashangaa kuona kompyuta mpya ikienda polepole kuliko ile ya zamani.

Chanzo cha taabu hii ni kwamba takriban nishati yote ya umeme iingiayo katika kichakataji hugeuka kuwa joto. Hapo mwanzo jambo hilo halikusumbua sana. Vichakataji vya kompyuta nyingi za mezani za miaka ya 1980 vilipozwa na hewa ipitayo ndani ya sanduku, basi. Pentium za kwanza, zilizotolewa na Intel mwaka 1993, zilitoa joto la wati 15 hivi. Kufikia mwaka 2004 baadhi ya Pentium 4 zilifikia wati 115. Hilo ni joto lizidilo la balbu ya kale ya wati 100, nalo lilitoka katika eneo dogo kuliko stempu ya posta.

Mwanafunzi aliyekwisha kusoma Sheria ya Ohm anaweza kulipigia hesabu jambo hili bila fomula mpya. Joto litiririkalo, kwa wati, lichukue nafasi ya mkondo wa umeme. Tofauti ya halijoto ichukue nafasi ya volti. Na ugumu wa njia ya joto uitwe ukinzani wa joto, unaopimwa kwa nyuzi kwa kila wati. Tuseme kichakataji hutoa wati 65, na njia kutoka kwenye silikoni hadi hewani ina ukinzani wa nyuzi 0.4 kwa wati. Silikoni itakuwa na nyuzi 26 zaidi ya hewa iliyoizunguka. Katika chumba cha Dar es Salaam mwezi wa Februari hewa huweza kufikia nyuzi 32. Ongeza 5 kwa ajili ya joto lililomo sandukuni. Jumla ni nyuzi 63 za Sentigredi, na hapo hapana hatari yoyote. Kipoza-joto hafifu chenye ukinzani wa 0.8 kingeifikisha silikoni kwenye nyuzi 89. Vichakataji vingi vya leo, vikikaribia nyuzi 95 au 100, hujipunguzia kasi vyenyewe ili visiungue. Kipoza-joto hicho hicho hafifu kikipelekwa Njombe mwezi wa Julai, katika chumba chenye nyuzi 15, kingefanya kazi yake kwa nyuzi 72 tu. Kwa hiyo msomaji wa pwani asomapo vipimo vilivyofanywa katika chumba cha Ulaya chenye nyuzi 20 na kitu, hana budi kuongeza nyuzi kumi juu yake kabla ya kutoa fedha zake.

Kelele ni suala jingine, nalo ndilo lenye mambo ya kustaajabisha. Wahandisi wa feni hutumia kanuni isemayo kwamba kiasi cha hewa hufuata kasi ya mzunguko, lakini nguvu ya sauti hufuata kipeo cha tano cha kasi hiyo. Ukiipunguza kasi kwa nusu, hewa hupungua nusu, ilhali sauti hushuka kwa desibeli 15. Upana nao una kanuni yake: kwa feni zenye umbo moja, kiasi cha hewa hufuata kipeo cha tatu cha kipenyo. Sasa linganisha feni ya milimita 80 na ya milimita 120. Ile ndogo ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kubwa hutoa hewa ile ile kwa mizunguko isiyofika 900. Hata baada ya kuhesabu sauti iletwayo na ukubwa wenyewe, feni kubwa hubaki chini kwa desibeli 14 hivi, na sikio la binadamu huhisi upungufu wa desibeli 10 kama sauti iliyopungua nusu. Feni za madukani hazifanani umbo kikamilifu, hivyo tarakimu hizi zisichukuliwe kama ahadi. Mwelekeo wake, hata hivyo, ni wa kweli. Feni kubwa iendayo taratibu ndiyo kimya.

Swali linalobaki ni jinsi ya kulifikisha joto la kijibamba kidogo kwenye mapezi mapana yapulizwayo na feni hiyo. Kazi hii hufanywa na mabomba ya joto, ambayo kwa nje huonekana kama fimbo nyembamba za shaba nyekundu. Ndani yake mna maji kidogo tu, na hewa imeondolewa. Msomaji atakumbuka kwamba juu ya kilele cha Kilimanjaro maji huchemka yakiwa na nyuzi 80 hivi, kwa sababu kanieneo ya hewa huko ni ndogo. Ndani ya bomba kanieneo ni ndogo zaidi, hata maji hugeuka mvuke kwa joto la kawaida la kichakataji. Mvuke hukimbilia upande wa mapezi, hupoa, huwa maji tena, nayo hurudi kwa kunyonywa na unga wa shaba uliogandishwa kwenye kuta, kama mafuta yapandavyo katika utambi wa kandili. Kwa wati 65 huhitajika kuvukiza maji yasiyozidi gramu 0.03 kwa sekunde. George Grover na wenzake wa Los Alamos, Marekani, walikionyesha chombo hiki mwaka 1963, wala hawakuwa wakifikiria kompyuta za nyumbani.

Kati ya shaba na kichakataji hupakwa mafuta mazito ya kupitishia joto. Nyuso mbili za chuma, hata ziwe laini kiasi gani, hugusana kwa vinundu vichache tu, na mianya iliyobaki hujaa hewa, ambayo hupitisha joto mara 15,000 hivi chini ya shaba. Tone la ukubwa wa punje ya choroko latosha.

Mnunuzi na aanze kwa kupima upana wa sanduku lake. Vipoza-joto vya mnara vyenye feni ya milimita 120 huwa na kimo cha milimita 155 hadi 160 hivi, na si masanduku yote yatakayofungika. Kisha ahakikishe kwamba vishikizo vyake vinalingana na soketi. Asiamini wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa: Core i7-12700 ya mwaka 2022 huitwa ya wati 65, lakini Intel yenyewe hutaja wati 180 kwa kazi nzito. Vipo vipoza-joto visivyo na feni kabisa, kama NH-P1 iliyotolewa na Noctua ya Austria mwaka 2021. Katika joto la pwani hivyo vifaa kwa vichakataji vya wati chache.

Feni yenye nyaya nne ni bora kuliko ya tatu. Waya wa nne hupeleka mapigo 25,000 kwa sekunde ya kudhibiti kasi, idadi iliyochaguliwa kwa kuwa sikio halisikii mitetemo izidiyo 20,000. Katika mpangilio wa kompyuta, mwenyewe aiamuru feni isibadili kasi kwa kila mruko mdogo wa joto, ila ingoje sekunde chache. Sauti ipandayo na kushuka huudhi kuliko mvumo mmoja wa daima.

Walimu wenye vyumba vya kompyuta wana sababu zaidi ya kuyajali haya. Kompyuta 20 za sauti sawa, kama zote zingekuwa kwa umbali mmoja na msikilizaji, huongeza desibeli 13 juu ya sauti ya moja. Shirika la Afya Duniani mwaka 1999 lilipendekeza sauti za kando darasani zisizidi desibeli 35 wakati wa kufundisha. Mashine 20 zenye desibeli 40 kila moja zingefikia 53. Zenye 22 kila moja zingeishia kwenye 35 hasa.