Laini ya simu ilivuka Kasindi, maswali yakabaki Bwera

KASESE. Kabla ya katikati ya mwaka 2007, mfanyabiashara aliyevuka daraja la mto Lubiriha kutoka Mpondwe kwenda Kasindi alikuwa na njia mbili tu kwa upande wa simu: abadilishe laini, au akubali kulipia kila simu anayopigiwa akiwa ng'ambo. Wengi walitembea na laini mbili, moja ndani ya simu na nyingine imefungwa kwenye pindo la kitenge.

Kampuni ya Celtel ndiyo iliyobadilisha mambo. Septemba 2006 iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania, mteja akapiga simu kwa bei ya wenyeji, akapokea bure, na vocha ya nchi aliyopo ikaingia kwenye laini ya nyumbani. Juni 2007 mpango huo uliziongeza Gabon, Congo Brazzaville na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Mtu wa Bwera akawa na namba moja ya kumpata mnunuzi wa chumvi ya Katwe aliyeko Beni.

Mwaka huohuo kampuni hiyo ilikuja na jambo la pili, ambalo sokoni halikuzungumzwa sana: shindano la maswali kwenye televisheni, Celtel Africa Challenge, lililokutanisha timu za vyuo vikuu. Baadaye, kampuni ilipobadili jina mwaka 2008, likawa Zain Africa Challenge. Mtindo wake ulitokana na College Bowl ya Marekani, iliyoanza redioni mwaka 1953. Swali hutupwa kwa timu zote mbili, anayewahi kubonyeza ndiye anayejibu, na akipata, timu yake hupewa maswali ya ziada. Ni mchezo wa vidole vyepesi na kumbukumbu ndefu.

Mwendeshaji alikuwa John Sibi-Okumu, mwigizaji na mtangazaji wa Kenya, mwenye sauti ambayo watazamaji wa wakati huo bado wanaikumbuka. Zawadi zilienda kwa wanafunzi na kwa vyuo vyao pia, jambo la busara, kwa sababu chuo kikinufaika huwa na sababu ya kuandaa timu nyingine mwakani.

Lakini tazama orodha ya nchi. Shindano lilipopanuka lilihusisha Kenya, Uganda, Tanzania, Malawi, Zambia, Nigeria, Ghana na Sierra Leone. Congo haikuwamo. Mwanafunzi wa Freetown, upande wa pili wa bara, alikuwa na nafasi ya kushindana na mwenzake wa Makerere. Wa Université Catholique du Graben, pale Butembo, hakuwa nayo, ingawa chuo hicho kipo tangu 1989 na laini ya kampuni hiyohiyo ilikuwa mfukoni mwake.

Kilichowatenganisha ni lugha. Maswali yalikuwa ya Kiingereza, na Butembo husoma kwa Kifaransa. Ajabu ni kwamba Sibi-Okumu mwenyewe amewahi kuwa mwalimu wa Kifaransa.

Kwa wafanyabiashara wa mpaka hili si jambo dogo la burudani. Ada ya chuo, kwa Bwera kama kwa Beni, mara nyingi hutoka kwenye mawese, vitenge, samaki na kahawa. Watoto hao wakihitimu hukutana kwenye meza za forodha na za benki, mmoja ana fomu ya Kiingereza, mwingine ya Kifaransa, na mama mwenye mzigo amesimama katikati akiwafasiria kwa Kiswahili. Wakati mwingine wote watatu ni wa ukoo mmoja: Mkonzo wa huku na Mnande wa kule husikilizana bila mkalimani.

Mwaka 2010 Zain iliuza biashara yake katika nchi nyingi za Afrika kwa Bharti Airtel ya India. Shindano lililobeba jina lake halikudumu baada ya hapo. Ndivyo inavyokuwa jambo la kanda likitegemea mfuko wa tangazo. Tangu 2012 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mdahalo wa wanafunzi wa vyuo vikuu, na washindi huwa mabalozi vijana. Ni jambo jema, ila mdahalo hauwezi kukusanya watu mbele ya televisheni ya duka la vinywaji jioni.

Sasa kisingizio cha lugha kimepungua nguvu. Congo ilikuwa mwanachama kamili wa jumuiya Julai 2022, na mwezi huohuo baraza la mawaziri la Uganda likaamua Kiswahili kiwe lugha rasmi. Nchini Congo ni moja ya lugha nne za taifa. Maswali nayo yamejaa hapa: reli ilifika Kasese mwaka gani? (1956.) Kilele cha Margherita, mita 5,109, ni cha nchi gani? (Mpaka unapita juu yake, anayejibu nchi moja amekosa.)

Kutoka Kasindi hadi Beni ni kilomita 80, na Beni hadi Butembo 54, barabara ambazo Uganda na Congo zilikubaliana kuzijenga pamoja. Kutoka Kampala hadi Bwera ni zaidi ya 350. Shindano likifanyika Bwera, timu ya mbali ni ya Makerere.