Je, Wajua? Injini ya Ndege Ndogo Huugua Asubuhi

Injini ya pistoni ya ndege ndogo ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, kila valvu yake hufunguka na kujifunga mara 20 kwa sekunde. Shina la valvu hupanda na kushuka ndani ya bomba fupi la chuma ambalo mafundi huliita gaidi, na nafasi iliyopo kati yao haizidi sana unene wa karatasi. Uchafu ukiingia hapo, valvu inakwama.

Inayosumbua zaidi ni valvu ya eksozi, kwa kuwa moshi unaopita kwake una joto la zaidi ya nyuzi 700 za Selsiasi. Katika injini nyingi za kampuni ya Lycoming shina lake lina uwazi uliotiwa sodiamu, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 98 na kuchezacheza ndani, ikitoa joto kichwani na kulipeleka kwenye gaidi. Ujanja mzuri, ila una gharama yake: oili inayolainisha gaidi nayo inaungua na kuganda kama lami.

Kisha kuna risasi. Petroli ya magari katika Afrika kusini mwa Sahara iliachana na risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, lakini petroli ya ndege iitwayo 100LL bado inayo, hadi gramu 0.56 kwa lita. Huchanganywa na kemikali yenye bromini ili risasi itoke na moshi ikiwa mvuke. Kemikali hiyo hufanya kazi vizuri moto ukiwa mkali tu.

Hapo ndipo nyanda za juu za Manyara zinapoingia. Mogitu, chini ya Mlima Hanang, iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa huwa nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko ya Dar es Salaam. Rubani aliyetua wilaya ya jirani ya Mbulu, tuseme Haydom, ambako ndege za shirika la MAF zimehudumia hospitali ya Kilutheri kwa miaka mingi, asipopunguza petroli anapotembeza ndege ardhini, injini inashiba mafuta kuliko hewa. Moto unapoa, risasi inabaki. Akimsubiri mgonjwa huku injini inanguruma polepole, anazidi kuulisha uchafu. Kwa maoni yangu, valvu nyingi huharibiwa ardhini kuliko angani.

Dalili huja mapema. Alfajiri ya baridi injini inawaka, inatetemeka kwa dakika moja au mbili kama imekosa silinda moja, kisha inatulia. Marubani huuita ugonjwa wa asubuhi. Kutulia huko ndiko kunakodanganya watu: joto limeiachia valvu, uchafu haujaenda popote. Siku ikikwama kabisa, fimbo inayoisukuma inaweza kupinda, na silinda hiyo haifanyi kazi tena.

Tiba yake inafurahisha. Fundi hutoa plagi, akaingiza kamba ya nailoni ndani ya silinda, kisha akazungusha propela taratibu mpaka pistoni iibane kamba dhidi ya valvu isianguke. Anafungua springi, anaitoa kamba, anaisukuma valvu ndani ya silinda na kusafisha gaidi kwa kekee maalumu. Kazi ngumu ni kulivua shina kupitia tundu la plagi na kulirudisha mahali pake. Silinda haing'olewi.

Kinga ni rahisi zaidi: kubadilisha oili na chujio kila saa 50 za kuruka, kupunguza petroli ardhini, na kutozima injini ghafla. Lycoming hushauri izungushwe mara 1,800 kwa dakika kwa sekunde 15 hadi 20, kisha ishushwe kabla ya kuzimwa, ili risasi iliyobaki itoke.

Ndege za Cessna Caravan hazina shida hii, maana injini zao ni za tabini na hazina valvu za aina hiyo. Lakini Cessna 206 bado zinabeba madaktari na wagonjwa. Basi ukiambiwa safari imeahirishwa kwa sababu injini ilitetemeka asubuhi ingawa sasa imetulia, usimbembeleze rubani aondoke. Msubiri fundi.