Nyumba Eldoret, mshahara Japani: ushuru unalipwa wapi?

Ukipita mitaa ya Eldoret utaonyeshwa nyumba za kupangisha zilizojengwa kwa pesa za riadha. Baadhi ya pesa hizo zimetoka Japani, ambako kampuni huajiri wakimbiaji wetu katika timu zao za mbio za kupokezana. Marehemu Samuel Wanjiru, bingwa wa marathoni Beijing 2008, alianzia huko akiwa mwanafunzi.

Swali linalowasumbua wengi ni hili: kijana anaishi Japani, nyumba iko Eldoret, ushuru anamlipa nani?

Tuanze na Japani. Huko mgeni huhesabiwa kwa miaka aliyokaa. Ikiwa katika miaka 10 iliyopita hajapitisha miaka mitano nchini humo, hutozwa kwa mapato ya Japani, pamoja na yale ya nje yaliyolipwa au kutumwa huko. Akipitisha miaka mitano, mambo hubadilika: hutakiwa kutangaza mapato yake yote ya dunia, hata kodi ya nyumba inayoingia benki Eldoret bila kuvuka bahari. Ritani hupelekwa kati ya Februari 16 na Machi 15. Mwajiriwa ambaye ushuru wake hukatwa kazini kwa kawaida hulazimika kuipeleka mapato yake ya pembeni, baada ya gharama, yakizidi yeni 200,000 kwa mwaka.

Sasa Kenya. Sheria yetu inasema mwenye makao ya kudumu hapa, akikanyaga nchi hata siku moja katika mwaka, ni mkazi kwa mwaka huo. Mkazi hutozwa pia kwa mshahara wa ugenini. Kwa hiyo kijana anayekuja Desemba kulala kwake bado anahesabiwa, na ritani yake inatakiwa kwenye iTax kabla ya Juni 30 kwisha.

Kodi ya nyumba za makazi, ikizidi shilingi 288,000 lakini isipite milioni 15 kwa mwaka, hutozwa asilimia 7.5 tangu Januari 2024. Mwenye kupata 40,000 kwa mwezi hulipa 3,000, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Lakini asiye mkazi hutozwa asilimia 30 ya kodi yote.

Je, atalipa mara mbili? Si lazima. Mkenya aliyekatwa ushuru wa mshahara Japani anaweza kuombea upunguzwe kwenye hesabu ya KRA. Na Japani nayo hupunguza, kwa kiwango maalum, ushuru uliolipwa Kenya. Sharti ni ushahidi: cheti cha mwaka cha mshahara na makato, kiitwacho gensen choshuhyo, na risiti za KRA. Asiye na karatasi hana hoja.

Kosa kubwa ni lile la kumpigia binamu simu, "Nijazie sufuri pale saiba." Sufuri ni tamko kisheria. Likigunduliwa si kweli, binamu hatakuwepo. Faini na riba zitamfuata mwenye PIN.

Nasi wa Pwani tusijione tuko kando. Watoto wetu wako Oman, Dubai na melini, na nyumba zao ziko Likoni na Kisauni. Wakija Idi, tukae nao tuwaulize: ritani yako umejaza vipi?