Kuba Juu ya Vichwa Vyetu

Waumini wanaposimama safu kwa safu chini ya kuba la msikiti, ni wachache wanaojiuliza ni kitu gani kinachozuia uzito ule usiwaangukie. Boriti iliyonyooka hubeba mzigo kwa kupinda. Tao na kuba huuteremsha uzito kwa kuufuata mviringo wao hadi ukutani. Ndiyo sababu ganda la yai, jembamba kama lilivyo, halivunjiki upesi likibanwa ncha kwa ncha.

Umbo hilo nalo lina deni lake. Sehemu ya juu ya kuba hujikaza pamoja, ilhali sehemu ya chini hutaka kutanuka na kuzisukuma kuta nje. Kadiri kuba lilivyo bapa, ndivyo msukumo unavyozidi. Kuba la kwanza la Ayasofya mjini Istanbul, lililokamilika mwaka 537, lilianguka mwaka 558 kufuatia mitetemeko ya ardhi. Wajenzi walilirudisha likiwa limeinuka zaidi, nalo likakamilika mwaka 562. Jengo hilo lilifanywa msikiti mwaka 1453, na katika karne ya 16 Mimar Sinan akaziimarisha kuta zake kwa nguzo za kuegemeza.

Wajenzi wa zamani walijifunza kutokana na nyufa. Leo mhandisi hulijenga jengo kwanza ndani ya tarakilishi. Kwa mbinu ambayo Ray Clough wa Chuo Kikuu cha California aliipa jina mwaka 1960, umbo lililopinda hugawanywa katika maelfu ya vipande vidogo. Programu hukokotoa jinsi kila kipande kinavyosukumana na jirani zake, kisha huonyesha kwa rangi mahali palipolemewa. Upepo, joto la jua na mtetemeko hujaribiwa kabla ya zege kumwagwa.

Hata hivyo, tarakilishi hujibu kile ilichoulizwa tu. Tarehe 23 Agosti 1991, msingi wa zege wa jukwaa la mafuta la Sleipner A ulizama nchini Norway. Uchunguzi ulibaini kwamba vipande vilivyotumiwa katika hesabu vilikuwa vikubwa mno mahali kuta zilipokutana, hivyo nguvu za kukata zikakadiriwa pungufu kwa takriban asilimia 47. Hesabu makini zaidi zilizofanywa baadaye zilionyesha kwamba ukuta ungepasuka katika kina cha mita 62. Ulikuwa umepasuka katika mita 65. Elimu ya kuiepusha hasara ile ilikuwapo. Kilichokosekana ni uangalifu.

Jambo hili latuhusu sisi tunaochangia ujenzi wa misikiti na madrasa, hasa kina mama ambao huchanga kidogo kidogo kutoka katika matumizi ya nyumba. Si utovu wa adabu kuiuliza kamati: Je, mhandisi amesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya? Je, hesabu zake zimepitiwa na mhandisi mwingine? Je, vyuma vya mkanda unaolizunguka kuba chini vimewekwa kama mchoro unavyoagiza?

Mchango ni sadaka, na roho za watakaoswali chini ya kuba hilo ni amana. Tuitimize amana hiyo kwa kuuliza mapema, kisha tumtegemee Mwenyezi Mungu.