Dawa Tatu, Bomba Moja: Mwenzi Wako Yuko Salama?

Kabichi, karoti na hoho tunazonunua Dar, nyingi zinashuka kutoka milima ya Usambara. Mimi nimeoa huko, kata ya Malindi, wilayani Lushoto, kwa hiyo habari hii kwangu ni ya ukweni. Na ni ya watu wawili: mmoja anapuliza dawa shambani, mwingine anafua nguo zilizolowa dawa hiyo.

"Napiga zote kwa mpigo"

Shemeji yangu mmoja analima nyanya bondeni. Ukungu na wadudu wakivamia pamoja, humimina dawa mbili au tatu ndani ya bomba moja. "Shemeji, nikipuliza moja moja si nitalala shamba?" aliniambia.

Hayuko peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa Tanzania ulikuta takriban theluthi moja wanachanganya dawa, na lebo hazikuwa na maelekezo ya michanganyiko hiyo. Asilimia 68 walisema waliwahi kujisikia vibaya baada ya kupuliza.

Hesabu ya bomba

Kila kemikali ina kiwango ambacho mwili unaweza kuhimili. Wataalamu hugawa kiasi kilichokuingia kwa kiwango hicho. Kwa dawa zinazodhuru mwili kwa njia moja, majibu hujumlishwa. Yakizidi 1, kuna sababu ya wasiwasi.

Sasa piga hesabu. Dawa tatu za aina hiyo, kila moja nusu tu ya kiwango chake: 0.5 + 0.5 + 0.5 = 1.5. Ukizipima moja moja, zote poa. Ukijumlisha, umevuka mpaka!

Nyingine husaidiana kuumiza. Profenofosi, dawa ya wadudu, huvuruga mishipa ya fahamu. Pia huweza kuzuia vimeng'enya ambavyo mwili hutumia kuvunja saipamethrini, nayo ikabaki na nguvu zaidi. Mankozebu, dawa ya ukungu, ikiingia mwilini hutoa kemikali inayoweza kuvuruga tezi ya thiroidi. Homoni za tezi hiyo ndizo zinazosaidia ubongo wa mtoto kukua tumboni. Hapo mama mjamzito anayefua ovaroli yumo hatarini, hata kama bomba hajalishika.

Ongeeni leo

• Usichanganye dawa kama lebo hairuhusu. Muulize bwana shamba, na hakikisha dawa imesajiliwa na mamlaka ya viuatilifu, TPHPA.

• Baba, oga na badili nguo kabla ya kumkumbatia mama au mtoto. Mahaba yasubiri sabuni!

• Nguo za dawa zifuliwe peke yake, kwa glavu, mbali na kijito. Mke akiwa mjamzito, mume ashike beseni.

• Kichwa kikiuma, mate na jasho vikitoka ovyo, au ukitapika baada ya kupuliza, wahi hospitali. Beba chupa zote, si moja. Daktari anahitaji kujua mchanganyiko mzima.

• Nasi wa mjini tusiache mboga. Toa majani ya nje ya kabichi, osha kwa maji yanayotiririka.

Shemeji bado anabishia muda unaopotea. Lakini mkewe ameshamwambia: ovaroli zenye mchanganyiko hafui tena. Wewe na mwenzi wako mmekubaliana nini?