Marshall na King: Njia ya Mahakama na Njia ya Barabara

Thurgood Marshall na Martin Luther King walipigania jambo moja: kufutwa kwa sheria zilizowatenga Wamarekani Weusi shuleni, kwenye mabasi, mikahawani na kwenye vituo vya kupigia kura. Njia ndiyo iliyowatenganisha. Marshall aliamini kwamba sheria mbovu huondolewa mahakamani, kesi baada ya kesi. King aliona kuwa wakubwa hawaharakishi kutenda haki mpaka wasukumwe na watu walio barabarani.

Marshall alizaliwa Baltimore mwaka 1908. Alikuwa mtundu shuleni, na mwenyewe alipenda kusimulia kuwa adhabu yake ilikuwa kupelekwa chini ya jengo kusoma Katiba ya Marekani, hata akaishia kuijua kwa moyo. Kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Maryland, hapo hapo mjini kwao, hakikupokea Weusi, hivyo akawa anapanda treni kwenda Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Mama yake, mwalimu, aliweka rehani pete zake za ndoa ili ada ilipwe. Marshall alihitimu mwaka 1933, na miaka miwili baadaye yeye na mwalimu wake, Charles Hamilton Houston, walikishtaki chuo kilekile cha Maryland kwa niaba ya kijana mwingine Mweusi, wakashinda. Akiwa wakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, alisimama mbele ya Mahakama ya Juu katika kesi 32 na kushinda 29. Iliyo maarufu kuliko zote ni ile ya Brown, iliyoamuliwa tarehe 17 Mei 1954, ambayo iliharamisha kuwatenga watoto kwa rangi katika shule za umma.

King alikuwa mdogo kwake kwa miaka 20. Alizaliwa Atlanta mwaka 1929, mtoto na mjukuu wa wachungaji wa Kibaptisti, katika nyumba isiyo na dhiki. Alisoma hadi shahada ya uzamivu huko Boston, na alikuwa mchungaji kijana tu mjini Montgomery, Alabama, wakati Rosa Parks alipokamatwa Desemba 1955 kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti cha basi. Weusi wa mji ule walisusia mabasi kwa siku 381, na King akawa msemaji wao.

Ni Montgomery ambako njia hizi mbili zilikutana. Tarehe 13 Novemba 1956 King alikuwa amekaa kortini kama mshtakiwa: halmashauri ya mji iliomba zuio dhidi ya mpango wa kupakiana kwa magari binafsi, uliowawezesha wagomaji kufika kazini. Wakati wa mapumziko mwandishi wa habari alimpa kikaratasi. Mahakama ya Juu ilikuwa imethibitisha kwamba ubaguzi katika mabasi ya Alabama ulikuwa kinyume cha Katiba. Kesi hiyo ilifunguliwa na wanawake wa mji huohuo, na mawakili wa NAACP walikuwa na mkono ndani yake. Hakimu wa Montgomery alitoa zuio lake siku ileile kana kwamba hakuna kilichotokea, na watu waliendelea kususia hadi amri ya Washington ilipofika mwishoni mwa Desemba.

Marshall alijiuliza kuna haja gani ya kutembea mwaka mzima ilhali kesi ingeshinda bila hayo. Kwa upande wa sheria alikuwa na hoja. Lakini hukumu ya Brown ilikuwa na zaidi ya mwaka na nusu wakati Parks anakamatwa, na shule nyingi za Kusini hazikuwa zimebadilika hata kidogo. Mwaka 1963 watoto walipoandamana Birmingham na kukabiliwa na mbwa wa polisi na maji ya mabomba ya zimamoto, picha zake zilileta msukumo ambao hukumu peke yake haikuuleta. Sheria ya Haki za Kiraia ilitiwa saini Julai 1964.

Wote wawili walifahamiana na Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya. King alimpokea Atlanta mwaka 1959 na kusaidia wanafunzi wa Kenya wapate masomo Marekani. Mwaka uliofuata Mboya alimwalika Marshall kuwashauri wajumbe Waafrika kwenye mkutano wa katiba ya Kenya wa Lancaster House, London. Marshall aliandika rasimu ya hati ya haki iliyotaka hata walowezi Wazungu walipwe fidia ya haki ardhi yao ikichukuliwa. Mtu aliyewatetea wachache kwao hakutaka kuwatupa wachache wa kwingine.

Oktoba 1967 inaonyesha tofauti yao vizuri kuliko maelezo yoyote. Mwanzoni mwa mwezi huo Marshall alikaa kwenye kiti chake cha Mahakama ya Juu, jaji wa kwanza Mweusi katika historia yake. Mwishoni mwa mwezi King aliripoti jela Alabama, kwa sababu mahakama hiyohiyo, kabla Marshall hajateuliwa, ilishikilia hukumu dhidi yake kwa kukaidi amri ya korti iliyokataza maandamano Birmingham. King aliuawa Memphis tarehe 4 Aprili 1968, akiwa na miaka 39. Marshall alibaki kwenye kiti hadi 1991.