Je, Mwalimu wa Uhasibu Lazima Awe Daktari?

Kila chuo kinapotafuta mwalimu wa uhasibu, swali lile lile huzuka mezani: aajiriwe mwenye shahada ya udaktari, au yule aliyefaulu mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, akafunga hesabu za mashirika kwa miaka kumi? Wako wasemao kuwa udaktari ndio heshima ya chuo, na asiye nao ni mgeni darasani. Sisi twaona jambo hili lapasa kupimwa kwa kazi yenyewe, si kwa joho.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Chuo cha Ushirika cha Moshi kilipofunguliwa mwaka 1963, na Chuo cha Elimu ya Biashara cha Dar es Salaam mwaka 1965, taifa lilihitaji makarani na makatibu wa kuandika daftari la fedha ili jasho la mkulima lisipotee. Mabenki yalipotaifishwa Februari 1967, haja hiyo ikazidi. Mwaka 1972 ikatungwa sheria ya kuunda Bodi hiyo, na mwaka huo huo ya kuunda Chuo cha Usimamizi wa Fedha. Tangu hapo mhasibu wetu amelelewa na wazazi wawili: chuo kitoacho shahada, na Bodi itoayo cheti cha CPA.

Chukueni mfano wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba. Daftari lake laonyesha kuwa benki zimo shilingi 4,200,000. Taarifa ya benki yasema 4,650,000. Mwanafunzi hufundishwa kutafuta sababu. Iko hundi ya shilingi 500,000 iliyokwisha andikwa lakini haijafikishwa benki, na yako makato ya benki ya shilingi 50,000 ambayo karani hajayaingiza. Akirekebisha, pande zote mbili zafikia 4,150,000, naye hupewa alama zote. Lakini mwalimu aliyewahi kukagua hesabu hamwachi hapo. Humwuliza: hundi hiyo ni ya tarehe gani? Aliyeandikiwa ni nani, na mbona amekaa nayo miezi mitano bila ya kudai fedha zake? Wanachama wamepata kumwona mtu huyo, au jina lake limo katika vocha tu? Maswali hayo hayamo katika jibu la mtihani, na hata hivyo ndipo malipo ya mkulima huokolewa au hupotea.

Hata hivyo, tusimdharau daktari (wala hapa hatumsemi yule wa sindano). Udaktari ni ushahidi kwamba mtu amefanya utafiti miaka kadhaa na kuongeza jambo jipya katika elimu. Yeye ndiye awezaye kuchunguza kwa nini ulinganisho huo hauandikwi katika vyama mia, si kimoja. Kama kosa ni la karani, la kanuni au la kamati. Ndiye pia wa kuwaongoza wanafunzi wa shahada za juu. Kazi hiyo mhasibu wa ofisini, awe hodari namna gani, hakufundishwa. Chuo kikuu kisicho na watu hao kitabaki kutafuna vitabu vya wengine.

Ndiyo maana hatuna ugomvi na utaratibu wa vyuo vikuu vyetu, ambako mwenye shahada ya uzamili huanza akiwa Mhadhiri Msaidizi, na cheo cha Mhadhiri hudai udaktari. Tusilolikubali ni kuichukua kanuni hiyo nzima na kuipeleka kwenye madarasa ya stashahada. Hata Marekani, vyuo vya jamii vya miaka miwili huajiri walimu wa uhasibu wenye uzamili. Na AACSB, jumuiya inayothibitisha ubora wa shule za biashara, huwatambua walimu waliotoka kazini pamoja na watafiti.

Elimu hii nayo haikai mahali pamoja. Januari 2019 kanuni mpya ya kimataifa ilianza kutumika, ikaingiza mali nyingi za kukodi ndani ya mizania. Aliye kazini ilimbidi aifuate. Mwalimu mwenye maandishi ya zamani angeweza kuendelea na ya kale, asiulizwe na mtu.

Basi vyuo vimwekee mhasibu mzoefu ngazi yake ya kupanda, apimwe kwa ufundishaji na kwa kazi aliyoifanya, asiambiwe kwamba miaka yake kumi na mitano ni sawa na bure. Akiambiwa hivyo atarudi kwenye kampuni yake, na hasara itakuwa ya wanafunzi. Na daktari ambaye hajapata kufunga hesabu apelekwe kwa wakaguzi kila mwaka wa fedha wa Serikali unapokwisha, tarehe 30 Juni. Asipokelewe kama mgeni wa heshima. Akabidhiwe sanduku la vocha.